Tahadhari kabla ya hatari, au kabla ya athari?

SWALI: Kikundi chetu cha akina mama hapa Usa River kimefungua kioski cha maji yaliyochujwa. Fundi rangi katuandikia ukutani "Tahadhari kabla ya hatari". Mwalimu mmoja kapita, akasema neno ni "athari". Tufute? Msomaji, Arusha.

JIBU: Futeni, dada yangu. Methali husemwa kwa namna zote mbili, na fundi hajavunja sarufi. Lakini kwa ukuta huo niko upande wa mwalimu.

Hatari ni kile kinachoweza kudhuru. Athari ni alama inayobaki kikishadhuru. Sasa tazama maji ya huko kwenu chini ya Mlima Meru. Floraidi, madini yanayoyeyuka majini na kudhuru meno yakizidi, inatoka kwenye miamba ya volkano, nayo ilikuwa kwenye chemchemi na visima kabla hatujazaliwa. Hatari imekwisha kututangulia. Kinachoweza kuwahiwa ni athari: yale meno ya kahawia na, kwa waliokunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi, mifupa kuharibika. Meno ya mbele ya utu uzima hujengeka ndani ya ufizi tangu utotoni, kwa hiyo doa unaloliona kwa mtoto wa darasa la tatu lilianza alipokuwa mtoto wa uji. Mama anayechuja maji ya uji kwa mkaa wa mifupa, unaonasa floraidi, anawahi jambo ambalo hajaliona. Anayeyachemsha tu kaua vijidudu, floraidi imebaki palepale. Nawapongeza kwa dhati kwa kazi hiyo, na ndiyo maana nataka neno lake liwe sahihi.

Hata sikio linakubali. Tamka "tahadhari", kisha "athari": dh na th zote hutoka ulimi ukigusa meno, vina vikaitikiana. Kwenye "hatari" mwitiko huo unapotea.

Msibabaike mkisoma "athari za Kiarabu katika Kiswahili". Athari kwa asili ni alama au matokeo, mabaya hata mazuri. Methali ndiyo inayoielekeza kwenye madhara.

Fundi asije akaandika "hathari", neno ambalo halipo. Na mkitaka kuongeza onyo kwa wateja, "Jihadharini na maji ya kisima yasiyochujwa" linatosha, bila "chukueni tahadhari dhidi ya" inayojaza ukuta.