Mwanasheria Anajibu: Nyumba ya Marehemu, Nani Ana Uwezo wa Kuiuza?

SWALI: Ndugu Mwanasheria, asalaam alaykum. Nimepata nyumba ya kununua Makorora, hapa Tanga mjini. Hati ina jina la baba wa muuzaji, ambaye alikwisha kufariki. Muuzaji ndiye mtoto mkubwa, na anasema wadogo zake wameridhia kwa simu. Dalali ananihimiza nilipe nusu ya bei wiki hii, kisha tuandikiane kwa mwenyekiti wa mtaa. Je, mkataba huo utanitosha?
Msomaji, Ngamiani

JIBU: Wa alaykum salaam, dada yangu. Nakuomba usilipe chochote kwanza, hata kama dalali atakwambia kwamba yuko mnunuzi mwingine anayesubiri mlangoni.

Ni kweli kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika kifungu cha 64, inataka mkataba wa mauziano ya ardhi uwe wa maandishi na uwe umesainiwa na yule anayedaiwa kuutekeleza. Lakini maandishi hayampi mtu uwezo asiokuwa nao. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto mkubwa hakumfanyi mtu kuwa msimamizi, na ridhaa ya simu haina pa kushikiwa siku mdogo mmoja atakapogeuka. Mwambie muuzaji afungue shauri la mirathi, apate barua za usimamizi, kisha jina lake liingizwe kwenye daftari la Msajili wa Hati akiwa msimamizi. Hapo ndipo mtakapoweza kuzungumza bei. Uliza pia kama mama yao yu hai, kwa sababu mjane ana haki zake katika mirathi, na sijapendezwa kuona barua yako haimtaji kabisa. Warithi wote, yeye akiwemo, waridhie mauzo kwa maandishi na kwa saini zao. (Wasomaji wanaonunua kwa mtu aliye hai nao wakumbuke kwamba kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake.)

Wakati hayo yakiendelea, omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ili ujue kama nyumba ina rehani au zuio, na hakikisha kwamba kodi ya pango la ardhi imelipwa.

Mkataba wenyewe uandikwe na wakili. Utaje namba ya kiwanja, kitalu na hati, bei na namna ya kuilipa, siku ya kukabidhiwa nyumba, nani atalipa kodi ipi, na fedha zako zitarudi vipi iwapo uhamisho utakwama. Lipa kwa benki, na sehemu kubwa ya bei ibaki mpaka nyaraka za uhamisho zisainiwe. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa shahidi mzuri, kwa kuwa anawafahamu watu wake, lakini muhuri wake hauhamishi umiliki, na ile asilimia 10 ya bei inayodaiwa katika baadhi ya mitaa haina msingi wowote wa kisheria.

Baada ya kusaini, ushuru wa stempu ulipwe, maana hati isiyolipiwa ushuru huo haipokelewi mahakamani kama ushahidi. Kodi ya faida itokanayo na mauzo ni mzigo wa muuzaji, ila isipolipwa, uhamisho hautasajiliwa, na atakayeumia ni wewe. Usajili ndio unaokamilisha mauzo.

SWALI: Nataka kununua shamba kijijini, wilayani Muheza. Halina hati. Je, saini za majirani zinatosha?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Hazitoshi, ndugu yangu, ingawa ni muhimu kwa ajili ya mipaka. Ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, na Mahakama ya Rufani imekwisha kutamka kwamba mauzo ya ardhi hiyo yasiyoidhinishwa na Halmashauri ya Kijiji ni batili. Idhini hiyo hutolewa na kikao, haitolewi na mwenyekiti au mtendaji peke yake. Omba nakala ya muhtasari wa kikao hicho, wenye orodha ya wajumbe waliohudhuria na saini zao, kabla hujatoa fedha.