Maswali ya Wasomaji: Msiba wa Ziwani Kuwa Riwaya

SWALI: Ndugu Mhariri, mjomba wangu alifariki katika kivuko cha MV Nyerere kilichopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018. Ninatamani kuandika riwaya juu ya msiba ule, lakini kila nikianza ninajikuta nimeandika taarifa kama ya gazetini, na mama ananikataza nisitoneshe kidonda. Nifanye nini?
Msomaji, Nansio, Ukerewe

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Taarifa ya gazeti inakujia kwa sababu unaanza na kupinduka kwa kivuko, jambo ambalo wasomaji wa kanda hii wanalijua: kwamba kilitoka Bugolora siku ya gulio, kwamba kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, na kwamba watu zaidi ya 220 walipoteza maisha. Wasiyemjua ni mjomba wako. Anza naye gulioni asubuhi, akibishania bei ya gunia la mahindi na kumtafuta mtu wa kumsaidia kulibeba, ili msomaji, anayejua mchana ule utaleta nini, awe na hofu ambayo mhusika mwenyewe hana.

Kisha mbadilishe jina, umri, hata kazi, maana ukimwacha kama alivyokuwa utaona haya kumpa kasoro, na mtu asiye na kasoro ni vigumu kumlilia. Hapo hapo Ukerewe mnaye mfano mkubwa. Mwandishi Mzee Aniceti Kitereza, ambaye yeye na mkewe hawakubaki na mtoto, alibuni mume na mke wa enzi za kale, Myombekere na Bugonoka, wanaohangaikia uzazi, akamaliza muswada wa riwaya yao kwa Kikerewe mwaka 1945. Humo wamo wakwe wanaomchukua binti yao, na mitungi ya pombe ya ndizi ambayo mume anatozwa ili arudishiwe mkewe. Kwa maoni yangu, uchungu wa riwaya ile umekaa katika mambo ya nyumbani kama hayo kuliko katika kilio chochote.

Ukiona uandishi unakunyima usingizi, weka daftari kando kwa muda na uzungumze na mtu unayemwamini au mshauri wa afya ya akili. Hakuna sura inayodai kuandikwa wiki hii.

Kuhusu mama, sikubaliani na wanaosema kwamba mwandishi haombi ruhusa. Aliyefariki ni ndugu yake wa tumbo moja. Muulize kwa upole ni lipi hasa asilotaka lisomwe, kwani huenda si kifo chenyewe bali ni deni lililoachwa, ugomvi wa wiki ile, au namna mwili ulivyotambuliwa. Akikutajia, liondoe kabisa. Usidhani kubadilisha majina kutalificha, kwa sababu majirani zenu wa Nansio watalitambua kabla hawajamaliza ukurasa.