Mlango Kwenye Ukuta wa Jipsamu: Maswali Yenu na Majibu

Nimegawa sebule kwa ukuta wa jipsamu na kuweka mlango. Miezi mitatu haijaisha, ufa umepanda kutoka kona ya juu ya fremu hadi darini. Fundi ameziba kwa skimu, ile plasta laini ya kusawazishia, mara mbili, unarudi. Tatizo ni nini?

Utazame ufa wenyewe. Kama umenyooka kama uliochorwa kwa rula, hapo ndipo bodi mbili zilipokutana, na hakuna mahali pabaya zaidi pa kuunganishia bodi. Mlango ukibamizwa, fremu inatikisika na kishindo chote kinaishia konani. Skimu haivumilii kuvutwa. Hata ukiipaka mara kumi itapasuka.

Dawa ni kubandua bodi hiyo na kukata nyingine kwa umbo la herufi L: ishuke ubavuni mwa fremu, kisha ipite juu yake. Maungio yaangukie katikati ya mlango, juu ya kipande cha nguzo kilichowekwa hapo makusudi kuyapokea. Tepu kwanza, skimu baadaye.

Kabla ya kufunika, sukuma nguzo za mlango kwa mkono. Zikicheza, bodi mpya nayo itapasuka. Nguzo ya bati peke yake haibebi mlango wa mbao ngumu. Chomeka ndani yake mbao kavu ya inchi mbili kwa tatu, iliyorandwa ikaingia kwa kubana, toka sakafuni hadi juu, uifunge kwa skrubu kila sentimita 30. Miguu yake ishikwe sakafuni kwa fisha (plagi za plastiki za kushikia skrubu kwenye zege) na skrubu. Mafundi wengi huruka hatua hii, na ndiyo inayoamua uhai wa ukuta.

Ukuta wa mita 3.6 kwa kimo cha mita 2.7, mlango mmoja. Ninunue bodi ngapi?

Bodi 7 za mita 1.2 kwa 2.4, unene wa milimita 12. Kila upande unakula 3 nzima. Ya saba inakatwa vipande vya sentimita 30 vya kujazia kimo pande zote mbili. Upande mmoja vipande vikae juu, wa pili vikae chini, maungio yasilingane. Nguzo za mita 3 ni 9: 7 kwa nafasi ya sentimita 60, na 2 za mlango. Reli za mita 3, zinazolazwa darini na sakafuni kushika nguzo, ni 3. Skrubu za milimita 25, chukua 300. Bodi isiguse sakafu: acha sentimita 1, maji ya kudekia yasipande.

Mlango wangu wa mbao unakwama kila masika. Nipige randa?

Ngoja kwanza. Kama unakwaruza kona ya juu upande wa kitasa, kaza skrubu za bawaba ya juu. Mara nyingi mlango umelala tu. Kama sivyo, paka chaki kwenye fremu, funga mlango, ufungue: palipopakaa ndipo panapogusa. Randa hapo tu, hadi ibaki nafasi ya milimita 3. Halafu vua mlango upake vanishi ukingo wa juu na wa chini. Kingo hizo hazionekani, kwa hiyo huachwa wazi, na mbao hunywa unyevu kwa huko.

Nikiuacha mlango nusu wazi, unajifungua wenyewe.

Fremu haijasimama wima. Pima kwa timazi mguu wenye bawaba, pande mbili: ubavuni na usoni. Legeza skrubu, sogeza kabari zilizo nyuma ya fremu, kaza tena. Lakini kama mlango unarudi nyuma unapoufunga, kosa ni bawaba iliyozama mno kwenye mbao. Weka kipande cha kadibodi nyuma yake.

Fremu ianze au vigae?

Vigae. Vikichelewa, pima unene wa kigae pamoja na gundi, uinue fremu kiasi hicho. Mlango wenyewe uning'inizwe mwisho, rangi ikishakauka.