Linta imekwisha lini?

Mkataba wangu wa kwanza wa kujenga, huku kwetu Kisauni, Mombasa, ulikuwa ukurasa mmoja. Awamu nne: msingi, linta (ule ukanda wa zege juu ya milango na madirisha), paa, plasta. Kila awamu neno moja, na mbele yake kiasi cha pesa. Nikatia sahihi.

Siku moja fundi akanipigia nikiwa kazini: "Dada, linta ishakwisha. Nitumie changu." Nikamtumia kwa M-Pesa. Wiki iliyofuata mbao zilizoshikilia zege zilipotolewa, juu ya dirisha la chumba cha mama zege lilikuwa na matundu, nondo zaonekana. Kwa hewa yetu hii ya chumvi, nondo iliyo wazi hushika kutu upesi, ikavimba, ikapasua zege. Nikamwambia arekebishe. Akanijibu kuwa linta ni kumimina zege, naye amemimina; kuziba matundu ni kazi ya plasta, awamu ile nyingine.

Nilikasirika mno. Leo nikiusoma ule mkataba naona hakunidanganya. Kwangu mimi linta ilikuwa inakwisha mbao zikishatoka na mimi nikaikagua, lakini hilo lilikuwa kichwani mwangu tu.

Tukafikishana Mahakama ya Madai Madogo. Huko hupelekwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria yake ya mwaka 2016 inataka kesi imalizike ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Nikaulizwa: awamu hii imeandikwa kwamba inaishia wapi? Sikuwa na cha kuonyesha. Mwisho tulipatana, tukagawana gharama za kurekebisha.

Mahakamani nako kuna hatua, na majina yake yanachanganya watu. Kesi kutajwa si kesi kusikilizwa. Siku ya kutajwa huangaliwa kama karatasi zimewafikia wahusika, kisha hupangwa tarehe; shahidi hahojiwi. Mimi nilimtoa shahidi wangu Kwale, akaacha kibarua chake, akavuka feri ya Likoni alfajiri, kumbe tunatajwa tu. Naumia hadi leo nikimkumbuka amekaa pale kwenye benchi. Ukipewa tarehe, usiondoke kabla hujauliza ni ya nini. Tena hukumu si pesa mkononi: aliyeshindwa asipolipa, kutekeleza hukumu ni hatua nyingine, na ni wewe unayeiomba.

Fundi wa pili tulikaa naye jioni nzima barazani kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji kununuliwa. Kila awamu tukaiandikia mambo ambayo mtu yeyote akisimama pale atayaona kwa macho. Paa, kwa mfano: mabati yote yamepigiliwa, mifereji imefungwa, maji yamemwagwa juu na hayakuvuja ndani. Tukaandika nani anakagua, na kwamba picha zinapigwa siku hiyo hiyo.

Yeye naye akataka kifungu chake, na alikuwa na haki. Wenye nyumba wengine hujificha ili wasilipe. Kwa hiyo tukaandika kuwa akiniita kukagua nisipofika wala kutuma mtu ndani ya siku 3, awamu ihesabiwe imekwisha na nilipe. Kwenye plasta nilichelewa, siku ya nne ikanikuta sijafika. Nikamtumia pesa zake zote.