Kwa mnaorudi kwenye vyuma baada ya kupotea

Jumatatu jioni kijana mmoja aliyepotea jimu miaka miwili aliingia na fulana ileile ya zamani, sasa inambana tumboni badala ya kifuani. Hakupasha hata bega. Moja kwa moja benchi, akapanga kilo 100, eti ndizo alizoziacha. Seti ya pili tukamtoa chuma shingoni watu watatu. Alipopata pumzi, la kwanza kutoka mdomoni: "Kaka, siku hizi sindano mnachukua kwa nani?"

Sindano za testosteroni alizitaka, homoni ya kiume inayokuza msuli haraka. Nilicheka. Usiku nikakosa usingizi, maana swali hilohilo nami niliwahi kuliuliza, nikajibiwa. Basi wadogo zangu, someni.

1. Uzito uliouacha si wako tena. Anza na nusu yake, au chini ya hapo, na wiki mbili za kwanza uwe unaondoka ukiwa bado na hamu.

2. Ukijikamua leo, halafu kesho au keshokutwa mkojo ukatoka rangi ya soda nyeusi, usinywe maji ukalala. Nenda hospitali siku hiyohiyo. Msuli umevunjika, mabaki yake yako kwenye damu na yanaweza kuua figo. Tuliwahi kuwa na mwenzetu aliyerudi kwa ubishi wa pushapu mia tatu. Ubishi alishinda, kisha akalazwa.

3. Msuli unakumbuka. Hili si porojo za jimu. Mwaka 2010 mtafiti Kristian Gundersen na wenzake kule Oslo walionyesha kwamba uzi wa msuli wa panya ukikua huongeza viini, yaani vituo vya ndani vinavyoongoza ujenzi wa msuli, na ukisinyaa viini vile hubaki. Kwa binadamu wataalamu bado wanabishana, lakini aliyewahi kurudi anajua: ulichokijenga kwa miaka mitatu hakikudai tena miaka mitatu. Miezi michache tu, unajiona kwenye kioo.

Mimi nilikuwa silijui hilo, na ndipo nilipoliwa.

4. Sindano. Nilikuwa nimekaa miaka minne bila kugusa chuma. Kazi ilinipeleka Tunduma, huko nikawa mtu wa kiti moto na ndizi, nikarudi Dar napumua nikifunga kamba za viatu. Jimu yetu ilikuwa ya uani, sahani nyingine ni gia za lori, nyingine makopo ya rangi yaliyojazwa saruji. Wadogo niliowafundisha kushika chuma walikuwa wamenipita. Wakaanza kuniita mzee. Wiki ya tatu tu, uvumilivu ukaisha.

Muuzaji alikuwa mwenzetu, mzigo uko kwenye begi la mgongoni. Kichupa chenye mafuta ya manjano, lebo imebandikwa upande. Nililipa pesa ya kodi ya miezi miwili. Aliyenichoma ni rafiki ambaye uzoefu wake wote wa sindano ulikuwa kuku wa mama yake. Tako likavimba wiki nzima, nikasema ndiyo dawa inafanya kazi.

Wiki ya sita kilo 100 zikarudi. Nikamtangaza muuzaji kama mganga aliyemponya kiwete. Leo nikipiga hesabu, sehemu kubwa ya nguvu zile ilikuwa inakuja yenyewe, bure. Nilinunua nauli ya basi nililokuwa nimeshapanda.

Kilichokuwa hakina habari ni kano, ile kamba inayoshikiza msuli kwenye mfupa. Kano haipati damu nyingi kama msuli, inabadilika polepole, na dawa ile inaongeza nguvu ya msuli bila kuingoja. Wiki ya kumi nikapanga kilo 130, watu wamesimama wanatazama. Chuma kinashuka vizuri. Kufika kifuani nikasikia sauti ndani ya kwapa, kama muuza kitambaa anapochana jora. Kano ya kifua ilikuwa imeachia mfupa wa mkono. Kesho yake weusi ulikuwa umeteremka hadi kiwiko. Kwa daktari nikasema nimeteleza bafuni.

Sindano nikaziacha ghafla, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Ubongo ukiona testosteroni imejaa kwenye damu, unaacha kuziamuru korodani. Zangu zilikuwa zimelala, zimenywea. Ya nje imekata, ya ndani haijaamka. Chuchu zilikuwa zinauma hata shati likigusa, kwa sababu sehemu ya testosteroni hugeuka kuwa homoni ya kike. Nililala mbele ya televisheni, Simba na Yanga wanacheza, sijui nani amefunga. Mke wangu alivumilia miezi miwili, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimepata mwingine. Laiti angekuwepo, ningekuwa na la kujitetea. Tulikuwa tunatafuta mtoto wa pili.

Daktari wa pili akauliza natumia nini. Nikamwambia vitamini. Hakubishana, akanionyesha karatasi ya vipimo: mbegu karibu hakuna. Nikasema kweli, mke wangu amekaa pembeni anasikia kwa mara ya kwanza. Hakuniangalia. Alikuwa anakunja na kukunjua ile risiti ya maabara. Mwili ulichukua zaidi ya mwaka kurudi, na kuna wenzangu ambao wao haujarudi sawasawa.

5. Kama tayari unachoma, sikutukani, lakini mwambie daktari ukweli akupime damu, ini, mafuta na presha, na ukitaka kuacha pitia kwake, usijiachie kama mimi. Sindano ya mwenzako usiiguse.

6. Mayai, maharage, dagaa, usingizi. Mengine ni matangazo.

7. Rudisheni sahani mahali pake. Mnaweza kuzibeba mkitazamwa, mnashindwa kuzirudisha?

Yule kijana wa Jumatatu leo ni siku ya tatu hajaonekana. Nadhani hawezi kuinua mikono kuvaa shati. Akitokea mwambieni chuma kitupu nimemwekea kona ya dirisha, na swali lake aje aniulize mimi.