Maumivu ya misuli ya taya: je, mazoezi ya nyumbani yanatosha?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 34. Kwa miezi kadhaa taya langu la kulia limekuwa likiuma, hasa ninapoamka, na maumivu hupanda hadi kwenye panja. Daktari wa meno alinipiga picha, akasema meno na kiungo cha taya ni vizima, tatizo ni misuli. Alinipa mazoezi na kunitaka niache kuuma meno. Je, hii ni tiba kweli, au nimepuuzwa?

Jibu: Marahaba, dada. Hukupuuzwa. Kwa maumivu yanayotoka kwenye misuli ya kutafuna, maelezo yanayoeleweka na mazoezi ya nyumbani ndiyo matibabu ya kuanzia, na mwongozo uliochapishwa na jarida la tiba la BMJ mwaka 2023 kuhusu maumivu sugu ya taya uliyaweka miongoni mwa tiba zinazopendekezwa kwa uzito, huku ukikataza vifaa vya kinywani vinavyobadilisha mkao wa meno kwa namna isiyorudishika.

Hata hivyo, naona karatasi za mazoezi mara nyingi huruka jambo lililo muhimu kuliko mazoezi yenyewe, nalo ni namna taya linavyokaa saa zote ambazo hufanyi mazoezi. Meno ya juu na ya chini hayana sababu ya kugusana isipokuwa unapotafuna au kumeza. Mtu anayekazia macho kazi ndogo ndogo, kama kutunga uzi au kushona zipu, huyabana bila kujitambua, na misuli inayokazwa hivyo kutwa nzima huchoka na kuuma kama mkono uliokunja ngumi tangu asubuhi. Ikiwa pia hushikilia pini kwa meno au hukata uzi kwa meno, acha leo. Tumia kijaruba cha pini na mkasi.

Mkao sahihi ni huu: midomo imefungana bila kukazwa, meno yameachana kidogo, na ncha ya ulimi imetulia kwenye kaakaa, nyuma kidogo ya meno ya mbele ya juu. Tamka sauti ya kwanza ya neno “nanasi” kisha uache ulimi hapo hapo; huko ndiko nyumbani kwake. Kwa kuwa hakuna anayeweza kukumbuka jambo hili kwa nia tu, lifungamanishe na kazi yako: kila unapobadilisha bobini au kuinua mguu kwenye pedali, kagua meno yako, na ukiyakuta yamebanana, yaachanishe na ushushe mabega.

Sasa mazoezi. Anza kwa kukanda shavu kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya moto yanayovumilika, kwa dakika 15 hadi 20. Kisha uma meno kidogo ili uusikie msuli ukituna juu ya pembe ya taya, uachie, na uusugue taratibu kwa vidole kwa mizunguko midogo. Baada ya hapo simama mbele ya kioo na, ulimi ukiwa bado kwenye kaakaa, fungua kinywa polepole mara 6 bila kuruhusu kidevu kwenda upande. Rudia zoezi hili la kufungua mara 6 kwa siku, kiasi alichokizoesha mtaalamu wa fiziotherapia wa Chile, Mariano Rocabado, katika mazoezi yake ya taya. Mvuto mdogo unaotulia baada ya muda mfupi si tatizo. Maumivu makali, au yanayobaki hadi kesho yake, yanakutaka upunguze nguvu. Mlio wa taya usioambatana na maumivu hauhitaji tiba.

Kwa majuma machache kula vyakula laini, utafune pande zote mbili, na uweke kando muwa, mahindi ya kuchoma, chingamu na miraa. Usiache kutafuna kabisa, kwa sababu misuli isiyotumika nayo hudhoofika. Unapopiga miayo, zuia kidevu kwa mkono.

Maumivu ya asubuhi huashiria kwamba unabana au kusaga meno usingizini, na huko nia yako haifiki. Muulize daktari wa meno kama unahitaji kinga ya kuvaa usiku, ya aina inayovuliwa, walau kulinda meno yasilike.

Jipe takribani majuma 6, na kila juma upime kinywa kinavyofunguka: watu wazima wengi huweza kuingiza vidole vyao 3 vilivyosimamishwa wima kati ya meno ya mbele. Kikizidi kujifunga, au ukipata uvimbe, homa au ganzi usoni, usisubiri majuma hayo yaishe. Taya linalokakamaa baada ya kupata kidonda huenda ni pepopunda, na linalouma pamoja na kubanwa kifua huenda ni moyo. Yote mawili ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo.