Unataka kujitolea kwenye kikundi cha mazingira? Omba kazi ya kuhesabu

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Umesema wewe ni mhasibu, upo Tanga mjini, unapata nafasi Jumamosi tu, hujui mti hata mmoja kwa jina, na unauliza kama kwenye vikundi vya mazingira kuna kazi ya mtu kama wewe au ni kuokota chupa ufukweni na kupiga picha. Waliotangulia wamekujibu "nenda tu, kazi zipo". Kweli zipo. Lakini ukienda hivyo hivyo utaokota chupa, utapiga picha, na baada ya miezi mitatu hatutakuona. Nimewapokea wengi wa aina hiyo na sina kinyongo nao, maana hakuna aliyewaambia mapema.

Mimi nipo kwenye kikundi cha kutunza mikoko, ile miti ya kwenye tope la bahari, huku huku Tanga, huu mwaka wa saba. Kikundi ni kidogo, kimesajiliwa halmashauri. Kwenye daftari tupo arobaini na kitu, wanaoonekana ni kumi na tano, na katika hao saba ni akina mama wanaoishi kwa kukusanya chaza na kombe. Jina silitaji, kwa sababu mengine nitakayosema si ya kutusifu.

Nianze na siku tuliyoaibika.

Mwaka wangu wa pili tulipata mfadhili. Fulana, mabango, katoni za maji ya chupa (ndiyo, chupa za plastiki kwenye shughuli ya mazingira, tuyaache), miche 1,500 ya mkoko, na mgeni rasmi. Siku ikapangwa Jumamosi, saa tatu asubuhi. Kwa asiyeijua bahari yetu: siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, halafu yanaanza kurudi, na saa kumi jioni yamejaa. Kwenye tope unafanya kazi kuanzia saa mbili na nusu hadi saa sita kasoro, basi. Mgeni rasmi akafika saa saba kasoro robo. Salamu, risala, hotuba, zawadi. Tulipomaliza kupiga makofi, pale tulipotoboa mashimo asubuhi maji yalikuwa ya kiuno.

Nani amwambie mtu mkubwa arudi kesho? Tukapanda juu, kwenye ule uwanda mgumu wenye chumvi nyeupe ambao maji huufikia siku chache tu kwa mwezi. Bibi mmoja wa chaza alikuwa amekaa pembeni juu ya mtumbwi uliopinduliwa, kisu mkononi. Akanivuta fulana, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hapo ni kwa mchu hapo. Huo mkoko mnauzika." Nikamjibu, "Bibi, wataalamu wapo." Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Akacheka, akaendelea kubandua chaza zake. (Mikoko ni jina la jumla, lakini ndani yake kuna aina: mkoko wenyewe ni mmoja, na mchu ni mwingine, ndio unaoweza kukaa kule juu.)

Ripoti ikaandikwa: miche 1,500 imepandwa. Haikuwa uongo. Baada ya miezi mitano nilipita pale peke yangu nikahesabu. Iliyo hai ilikuwa 61. Iliyobaki ilikuwa vijiti vikavu vimesimama kwa mstari mzuri kabisa, umbali wa hatua moja moja, kama tulivyofundishwa. Sikutumwa na mtu kuhesabu. Na nilipouliza hesabu za miaka ya nyuma ili nilinganishe, nikaambiwa hazipo. Kikundi kilikuwa kinapanda kila mwaka na hakijawahi kurudi kuangalia.

Ndiyo maana nakuandikia kirefu. Mikono ya siku ya kupanda haijawahi kutuadimikia. Kila 26 Julai, Siku ya Mikoko Duniani, wanakuja wanafunzi, mabenki, makanisa, misikiti, watu mpaka tunakosa majembe. (Na 26 Julai haijali kama ni bamvua au maji mafu, yaani siku ambazo maji hayapwi sana, ila hilo ni ugomvi mwingine.) Anayekosekana ni mtu wa kurudi baada ya mwezi, baada ya miezi sita, baada ya mwaka, na daftari mkononi, siku ambayo hakuna fulana.

Kazi yenyewe hii hapa uione. Tunapima kipande cha mita kumi kwa kumi kwa kamba ya nailoni na vigingi vinne. Mmoja anatembea kwenye mistari anaita: "Hai. Hai. Kafa. Kaliwa na kaa. Hai, majani sita." Mwingine anaandika. Anaandika kwa penseli, kwa sababu wino ukilowa maji ya chumvi umepoteza asubuhi nzima. Miti mikubwa inapimwa unene. Kawaida unapima mita 1.3 kutoka ardhini, lakini mkoko unakusumbua, kwa sababu mizizi yake inatoka kwenye shina juu juu na kushuka kama miguu ya buibui. Huo unaupima sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Wageni wote wanakosea hapo, na mtu wa namba ndiye anayetakiwa kuligundua kosa jioni akiona mti umenenepa mara mbili ndani ya mwaka mmoja.

Wewe ni mhasibu, nadhani umeshaanza kuelewa. Wenzetu wa Gazi kule Kwale, Kenya, ng'ambo ya mpaka, wale wa Mikoko Pamoja, wana mradi wa kuuza kaboni ya msitu wao tangu 2013, yaani wanalipwa kwa hewa ukaa ambayo miti yao inaihifadhi. Ni hekta 117, na pesa yake imeingia kwenye maji ya kijiji na vitabu vya shule. Huku kwetu kila anayesikia habari hiyo anadhani unapanda mti unalipwa. Hulipwi kwa kupanda. Unalipwa kwa kuonesha, mwaka hadi mwaka, kwamba msitu upo na unakua, na namba zako zikaguliwe na mtu wa nje asiyekujua. Kikundi kisicho na mtu wa daftari kitaendelea kuisikia pesa hiyo redioni.

Kazi nyingine, haraka haraka.

Kuna mtu wa maji. Huyu ndiye anayepanga kalenda ya kikundi kwa mwezi wa angani. Kwetu ni mvuvi mstaafu. Tangu aibu ile, hakuna tarehe inayotolewa kwa mfadhili kabla yeye hajasema ndiyo, na mgeni rasmi anapewa barua yenye maneno "maji hayatasubiri". Wengine walinuna. Wengi sasa wanawahi.

Kuna watu wa kitalu. Mkoko wenyewe hauhitaji mbwembwe. Mbegu yake ndefu ikionesha pete ya njano pale inapoungana na kofia yake, imekomaa, unaichoma kwenye tope na imeisha hiyo. Ila mchu na mlilana tunavilea kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, na hapo kuna kujaza udongo, kupanga kivuli, kufukuza mbuzi (mbuzi anapenda jani la mchu kuliko mchicha). Kitalu ni mahali pazuri pa kuanzia kwa sababu ndipo utakapojifunza majina bila kuulizwa maswali: mlilana anakaa mbele kuelekea baharini, mkoko nyuma yake, mkandaa, mkomafi, na mchu unaoukuta hadi juu kabisa karibu na nchi kavu. Akina mama watakufundisha wakiwa wanasengenya, na usengenyaji nao ni sehemu ya mafunzo. Na siku ya kupanda, mtu wa kitalu ndiye anayepita nyuma ya watu kukusanya viriba vilivyochanwa. Tuliwahi kuviacha topeni mamia. Tulikuwa tunapanda plastiki.

Taka nazo zina mtu wa namba. Tukifanya usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunahesabu kwa aina kabla ya kupakia: vifuniko, kandambili, nyavu, mifuko ile iliyopigwa marufuku 2019, hadi viroba vya pombe vilivyopigwa marufuku 2017, bado vinatoka kwenye tope kama vimezikwa jana. Dada mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, alitunza hesabu hizo mwaka mzima, ndipo tukaona kwamba taka nyingi haziletwi na bahari, zinashuka na mfereji kutoka sokoni. Akazipeleka serikali ya mtaa zimeandikwa vizuri kwenye karatasi moja. Ilichukua vikao vinne na maneno makali mawili matatu, lakini kizimba cha taka kikajengwa. Miaka yote tulikuwa tunaokota na kulalamika.

Sasa pesa. Wakijua ni mhasibu, wiki ya kwanza watakwambia uwe mweka hazina. Kataa. Kwanza hujajua nani ni nani. Pili, kikundi kinachompa mgeni ufunguo wa sanduku siku ya kwanza, jiulize aliyekuwa nao ameenda wapi. Sisi pesa yetu ilikuwa ikikaa kwenye simu ya mwenzetu mmoja, mtu mwema kabisa, hadi alipopata msiba akaitumia akitegemea kuirudisha. Hakuiba, naapa. Lakini hakuirudisha yote, akaona haya, akaacha kuja, na ndiye aliyekuwa anajua kitalu kuliko sote. Tulipoteza laki nne na fundi wa kitalu kwa mpigo. Siku hizi kuna akaunti ya benki yenye sahihi tatu na taarifa inasomwa kwenye kikao, hata kama ni elfu kumi na mbili. Ukitaka kusaidia kwenye pesa, omba uwe mkaguzi wa mwisho wa mwaka. Hakuna anayemwonea gere mkaguzi.

Na hili la posho nalisema najua nitarushiwa mawe. Neno kujitolea limetuchanganya. Wewe una mshahara, ukija Jumamosi umetoa mapumziko yako. Mama wa chaza akija siku ya bamvua, maji yamepwa vizuri, ametoa siku yake bora ya kazi katika nusu mwezi. Hamjatoa kitu kimoja. Kikundi chetu kinamlipa yeye kidogo na hakikulipi wewe, na kila mwaka kuna kijana anayesimama kwenye kikao kudai usawa. Kama hilo litakukera, bora ujue sasa hivi.

Jambo dogo la sheria: mikoko Tanzania ni msitu wa hifadhi, upo chini ya serikali, na tunapofanya kazi mle ndani tunakuwa tumeongea na TFS (wakala wa serikali wa misitu) na BMU ya kijiji (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufukwe). Usije ukajikusanya na marafiki zako watano wenye nia njema mkaanza kupunguza matawi. Mtaonekana wakata nguzo.

Kule juu tulikoiua ile miche kuna mchu sasa. Mwingine tuliupanda sisi, mwingi umeota wenyewe baada ya kuuachia nafasi. Bibi bado yupo, macho yamepungua. Tukienda kuhesabu anakaa kwenye mtumbwi ule ule na kutuuliza kila baada ya mstari, "Ngapi?" Akisikia namba ndogo anasema "mmh" tu, na mtu anarudi kuhesabu upya.

Nitumie ujumbe binafsi nikuelekeze. Jumamosi hii ni maji mafu, hatuingii topeni, tutakuwa kitaluni tunajaza viriba kuanzia saa moja. Njoo na kisu cha zamani na maji yako ya kunywa kwenye chombo cha kurudi nacho nyumbani. Jumamosi inayofuata ni bamvua, tunahesabu kipande cha tatu, na anayeandika amehamia Morogoro. Viatu usinunue. Tafuta raba zako kuukuu, uzifunge kamba juu ya kifundo, la sivyo tope litabaki nazo. Penseli tunazo.